Uteuzi wa Majaji wa Rufani: Maneno ya Katiba na Maana Zake

Mtu wa Mkomaindo, mjini Masasi, akishitakiwa kwa kosa la kuua, kwa kawaida kesi yake haihukumiwi na hakimu wa mahakama ya mwanzo wala hakimu wa wilaya. Mwenye uwezo wa kuihukumu ni Mahakama Kuu, na kituo chake kwa mikoa ya Mtwara na Lindi kiko Mtwara mjini, mwendo wa kilomita 200 hivi kutoka Masasi. Akionekana ana hatia ya kuua kwa kukusudia, adhabu iliyowekwa na sheria ni moja tu, nayo ni kunyongwa mpaka kufa. Hapo mlango uliobaki mbele yake ni Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Majaji watatu hukaa, husoma kumbukumbu za kesi, huwasikiliza mawakili wa pande mbili, kisha hutamka. Wakikubaliana na hukumu ya kwanza, hakuna mahakama nyingine nchini iliyo juu yao. Hubaki huruma ya Rais.

Kadhalika mwenye shamba la mikorosho huko Newala aliyegombana na ndugu zake juu ya mpaka. Huanza kwa kusuluhishwa katika baraza la kata, hupanda mpaka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, akatoka hapo akaenda Mahakama Kuu, na mwisho wa ngazi hukuta majaji watatu kama wale wale. Basi swali la nani hukaa juu ya viti hivyo, na kiti kikiwa wazi nani hukijaza, si la mawakili wa Dar es Salaam peke yao. Lawahusu pia watu walio chini ya majabali ya Masasi na juu ya uwanda wa Makonde, ambao aghalabu hawapati kuwaona majaji hao ila wanapokuja Mtwara kwa kikao.

Jawabu limo katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, na hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati ambayo majirani zake wengi hawana, kwani Katiba hiyo iliandikwa kwa Kiswahili. Utaratibu wote wa kujaza kiti cha juu umebebwa na maneno machache: kuteua, kushauriana, kustaafu, kaimu. Kila moja lafaa kutazamwa kwa makini, maana limekwisha kuleta mabishano au laweza kuyaleta.

Kwanza kabisa, jina la mahakama yenyewe. Katiba husema Rufani. Watu wengi barabarani, na hata magazeti, husema Rufaa, na nchini Kenya neno rasmi ni Rufaa. Maneno haya mawili ni ndugu, na asili yao ni Kiarabu, katika neno lenye maana ya kuinua au kupandisha. Mwenye kukata rufani huipandisha kesi yake. Lakini zamani haikupandishwa mpaka Dar es Salaam. Katika siku za Waingereza ilipanda kwenda Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, na kutoka huko iliweza kuvuka bahari mpaka baraza la Mfalme au Malkia lililokaa London. Tanganyika ilipokuwa Jamhuri mwezi Desemba 1962, njia ya London ilifungwa. Ile ya Afrika ya Mashariki ikadumu mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Mwaka 1979 Tanzania ikaunda Mahakama yake ya Rufani, nayo ikawa ya juu kabisa kwa Bara na kwa Zanzibar, ijapokuwa mambo kadha ya Zanzibar, kama tafsiri ya Katiba ya Zanzibar na mashauri ya dini ya Kiislamu yaliyoanzia kwa makadhi, hayafiki kwake.

Wenyeji wa nchi ya Makonde walikuwa na namna yao ya kujaza kiti cha mwamuzi kabla ya haya yote. Mkulungwa alipokufa, cheo kilishuka kwa upande wa mama, kwa nduguye au kwa mpwa wake, mtoto wa dada, na wazee walitazama ni nani katika hao mwenye busara ya kusikiliza watu. Baadaye Waingereza wakaleta maliwali, watu waliopokea madaraka kutoka kwa serikali. Hivyo watu wa Newala na Masasi wamekwisha kuzionja njia mbili, kiti kinachotoka katika ukoo na kiti kinachotoka kwa mtawala. Ile ya leo iko katika kundi la pili, ingawa imetiwa masharti.

Neno la kwanza ni kuteua. Wananchi huchagua wabunge; Rais huteua majaji. Katika Kiswahili cha kila siku kuteua ni kutoa kilicho bora katika vingi, na ndiyo maana kitu kizuri sana huitwa kiteule. Kwa hiyo neno lenyewe ladai pawe na wengi wa kutazamwa na kipimo cha kuwatazama. Kipimo kimeandikwa. Mtu awe na shahada ya sheria, na awe amekaa na sifa kama za uhakimu au uwakili kwa miaka isiyopungua 10 ili aweze kuwa Jaji wa Mahakama Kuu. Na Majaji wa Rufani hutoka miongoni mwa watu wa daraja hiyo, wa Bara au wa Zanzibar. Lakini nani aliwatazama wengi hao, wapi, na kwa nini akatolewa huyu akaachwa yule, hayo Katiba haikuyataja. Jina hutangazwa likiwa limekwisha kuteuliwa.

Neno la pili ni kushauriana, na hapa ndipo jambo lenyewe linapoonekana wazi, kwa sababu Katiba haikulitumia kwa viti vyote sawasawa. Jaji wa Mahakama Kuu huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, ambayo mwenyekiti wake ni Jaji Mkuu na ndani yake wamo Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Jaji Kiongozi na wengineo. Jaji wa Rufani huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Jaji Mkuu, basi, tume haikutajwa. Ama Jaji Mkuu mwenyewe, yeye huteuliwa na Rais miongoni mwa wenye sifa za kuwa Majaji wa Rufani, na hakuna mtu yeyote aliyetajwa kuwa lazima aulizwe. Wala Bunge halimthibitishi. Ni ngazi ya ajabu kidogo: kadiri kiti kinavyopanda, ndivyo wa kuulizwa wanavyopungua, mpaka juu kabisa hayupo hata mmoja.

Tena huko kushauriana kwenyewe kuna mpaka. Kiambishi -ana chaonyesha kwamba ni kazi ya watu wawili, kila mmoja asema na kila mmoja asikia. Hakionyeshi neno la nani litashinda. Na ibara ya 37 ya Katiba yasema Rais yu huru, wala halazimiki kufuata ushauri wa mtu ila pale Katiba au sheria inapomlazimisha. Kwa hiyo Jaji Mkuu aweza kushauri hivi, Rais akateua vingine, na sheria isiwe imevunjwa. Katika Kiswahili neno shauri hubeba maana ya nasaha na maana ya kesi vilevile. Lakini hilo la pili huisha kwa hukumu, na la kwanza si lazima liishe kwa kitu chochote.

Jambo hili halikubuniwa na rais mmoja. Lilikuwapo kwa wote, na historia ya kiti cha Jaji Mkuu yaonyesha jinsi lilivyofanya kazi. Francis Nyalali aliwekwa katika miaka ya 1970 na Rais Nyerere, akiwa na umri wa miaka 40 na kidogo. Kwa kuwa kikomo cha kiti hicho ni umri wala si idadi ya miaka ya kazi, alikikalia zaidi ya miaka 20, mpaka mwaka 2000. Rais Mwinyi alitawala miaka 10 kamili bila kupata nafasi ya kuteua Jaji Mkuu hata mara moja. Nafasi ilimwangukia Rais Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso katika Wilaya ya Masasi, ambaye mwaka 2000 alimteua Barnabas Samatta. Rais Kikwete alipata nafasi mbili katika miaka 10, akamteua Augustino Ramadhani mwaka 2007, aliyepata kuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar hapo kwanza, na Mohamed Chande Othman mwaka 2010. Hakuna aliyepanga mgawanyo huo. Ni tarehe za kuzaliwa tu.

Basi laja neno la tatu, kustaafu. Asili yake katika Kiarabu ni kuomba kuachwa, kuomba udhuru. Sheria ya leo haingoji mtu aombe. Jaji wa Mahakama Kuu huondoka akitimiza miaka 60, na Jaji wa Rufani akitimiza 65, ingawa huyu aweza kupumzika tangu 60 akipenda. Faida yake ni kwamba viti vingi huwa wazi kwa siku inayojulikana miaka mingi mbele. Anayeijua tarehe ya kuzaliwa ya jaji ameijua na siku ya kiti chake kuwa wazi. Hakuna udhuru, kwa hiyo, wa kiti kukaa wazi kwa sababu ya mshangao, isipokuwa panapotokea kifo, maradhi au kujiuzulu. Kumwondoa jaji kabla ya wakati ni kazi ngumu, na ni vema iwe ngumu: lazima iundwe tume maalumu ya kumchunguza, na angalau nusu ya watu wake wawe majaji, au waliopata kuwa majaji, wa nchi za Jumuiya ya Madola.

Kiti kikikaa wazi, wanaoumia si wakubwa. Hesabu yake ni nyepesi. Kila rufani yataka majaji wasiopungua watatu. Majaji 9 hufanya majopo 3. Akistaafu mmoja, majopo hubaki 2, na majaji wawili huwa hawana wa tatu wao. Kikao kilichokuwa kifanyike Mtwara chaweza kusogezwa mbele, na aliyefungwa kwa hukumu ya Mahakama Kuu hukaa gerezani akihesabu miezi, labda akiwa hana hatia. Na yako mashauri mazito yanayotaka majaji wengi zaidi. Mwaka 2010, katika rufani juu ya mgombea binafsi iliyomhusu Mchungaji Christopher Mtikila, walikaa majaji 7, Jaji Mkuu Ramadhani akiwa mbele yao. Mahakama yenye majaji wachache haiwezi kukusanya baraza kama hilo bila kusimamisha kazi nyingine zote.

Neno la nne, kaimu, ndilo lililozungumzwa sana mwaka 2017. Lilitoka katika msemo wa Kiarabu wenye maana ya mtu asimamaye mahali pa mwingine. Katiba yaruhusu kiti cha Jaji Mkuu kikiwa wazi, au mwenyewe akiwa nje ya nchi au hawezi kazi, Rais amteue Kaimu Jaji Mkuu. Mohamed Chande Othman alistaafu mwezi Januari 2017. Rais John Magufuli hakuteua Jaji Mkuu papo hapo, bali alimweka Ibrahim Hamis Juma, Jaji wa Rufani aliyewahi kufundisha sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuwa Kaimu. Akakaimu mpaka Septemba mwaka huo, ndipo akateuliwa na kuapishwa kuwa Jaji Mkuu. Ilikuwa miezi minane kwa kiti ambacho siku yake ya kuwa wazi ilijulikana tangu zamani.

Je, sheria ilivunjwa? Kwa maneno yalivyoandikwa, ni vigumu kusema hivyo, maana hakuna siku wala mwezi uliowekwa kuwa kikomo cha ukaimu. Lakini tofauti kati ya Jaji Mkuu na Kaimu si ya jina tu. Jaji Mkuu hana la kungoja kwa Rais. Kiti ni chake mpaka umri umtoe. Kaimu anangoja. Hata akiwa mtu mwadilifu kabisa, mwananchi aliyeshitakiana na Serikali anaweza kujiuliza kama anayengoja kuthibitishwa aweza kumwambia mwenye kuthibitisha kwamba amekosa. Mahakama huhitaji kuaminiwa na aliyeshindwa, na imani hiyo hupungua kwa shaka ndogo kama hiyo hata pasipokuwa na kosa lolote.

Mwaka 2023 swali liligeuka likaja kwa upande wa pili. Mwezi Juni mwaka huo Jaji Mkuu Juma alitimiza miaka 65, na Rais Samia Suluhu Hassan akamwongezea muda. Katiba yasema kwamba Rais, akiona yafaa kwa manufaa ya umma, aweza kuagiza Jaji wa Rufani aliyefikia umri huo aendelee na kazi, naye jaji akikubali kwa maandishi. Waliopinga walisema maneno hayo ni ya Majaji wa Rufani, na ya kwamba Jaji Mkuu ana ibara yake, ambayo husema atakaa mpaka umri wa kustaafu. Wengine wakajibu kwamba Jaji Mkuu naye ni Jaji wa Rufani. Shauri likafunguliwa Mahakama Kuu. Kila upande ulikuwa na maneno ya kushika, na hilo laonyesha kwamba ibara mbili zilizoandikwa bila kutazamana zaweza kuzaa mgogoro. Juma aliendelea mpaka mwezi Juni 2025, ndipo Rais akamteua George Mcheche Masaju, aliyepata kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kuwa Jaji Mkuu.

Kuna tukio jingine ambalo jarida la Kiswahili haliwezi kulipita. Tarehe 1 Februari 2021, katika sherehe ya Siku ya Sheria mjini Dodoma, Rais Magufuli alitangaza kumpandisha Zepherine Galeba, Jaji wa Mahakama Kuu, kuwa Jaji wa Rufani. Sababu aliitaja mbele ya watu: jaji huyo alikuwa ameandika uamuzi kwa Kiswahili, katika kesi ya kampuni ya mgodi wa dhahabu wa North Mara. Mpaka wakati huo mahakama za mwanzo zilitumia Kiswahili, lakini kumbukumbu na hukumu za mahakama za juu ziliandikwa kwa Kiingereza, hata mzee wa Newala aliyeshindwa kesi yake hakuweza kusoma kwa nini ameshindwa. Mwaka huo huo sheria ikabadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Kwa wapenzi wa lugha ilikuwa furaha isiyo kifani, na yastahili kukumbukwa. Hata hivyo mwenye kupima mambo hawezi kuacha kuona kwamba siku hiyo sababu ilikuwa njema na ilitajwa hadharani kwa hiari ya mteuzi. Sheria haikumtaka aitaje, wala haitamtaka mwingine ataje yake.

Majirani walitafuta njia nyingine. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yaitaka Tume ya Utumishi wa Mahakama itangaze nafasi, ipokee maombi, iwahoji waombaji, kisha ipeleke jina. Na kwa Jaji Mkuu na Naibu wake lazima Bunge likubali. Mwanzoni mwa 2011 Rais Mwai Kibaki alitaja jina la Jaji Mkuu kwa njia ya zamani, Mahakama Kuu ikaamua kwamba amekwenda kinyume cha Katiba, na jina likaondolewa. Ndipo waombaji wakahojiwa hadharani, wananchi wakitazama katika televisheni, akapatikana Willy Mutunga. Baada yake wakaja David Maraga mwaka 2016 na Martha Koome mwaka 2021, wote kwa njia hiyo hiyo. Lakini asidhani mtu kwamba tume huondoa taabu zote. Mwaka 2019 tume hiyo ilimpelekea Rais Uhuru Kenyatta majina ya majaji zaidi ya 40 wa Mahakama ya Rufaa na nyinginezo, naye akakaa nayo karibu miaka 2. Mwezi Juni 2021 aliwateua 34 akawaacha 6, na hao 6 hawakuapishwa mpaka Septemba 2022, alipokuja rais mwingine.

Uganda imeweka ushauri wa tume na kibali cha Bunge. Jaji Mkuu Benjamin Odoki alipofikia miaka 70 mwaka 2013, Rais Museveni alitaka kumrudisha kazini; shauri likafunguliwa, na mwaka 2014 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba haiwezekani. Mpaka Bart Katureebe alipoteuliwa mwaka 2015, nchi ilikuwa imekaa mwaka mzima na zaidi bila Jaji Mkuu kamili. Hata Marekani, ambako Rais hupendekeza na Baraza la Seneti huthibitisha, kiti cha Jaji Antonin Scalia, aliyefariki Februari 2016, kilikaa wazi mpaka Aprili 2017, kwa sababu Seneti haikutaka kumsikiliza mtu aliyependekezwa na Rais Obama. Tofauti ni kwamba katika nchi hizo mabishano yalionekana. Watu walijua nani amekataa nini. Katika Tanzania kiti hujazwa kimya kimya, na aghalabu hujazwa upesi kuliko huko. Ukimya huo ndio bei ya upesi wake, na si kila mtu aiona kuwa bei nafuu.

Tume iliyoongozwa na Joseph Warioba ilipokusanya maoni ya wananchi kwa ajili ya Katiba mpya, rasimu iliyotoka ilileta mahakama nyingine juu ya Mahakama ya Rufani, iitwayo Mahakama ya Juu, na Katiba Inayopendekezwa ya mwaka 2014 nayo ikaibakiza. Kura ya maoni iliwekewa tarehe 30 Aprili 2015. Ikaahirishwa, na siku nyingine haikutajwa. Kwa hiyo ibara ya 118 ya Katiba ya 1977 ndiyo iliyomweka Jaji Mkuu wa mwaka 2025, kwa maneno yake yale yale; na majaji watatu watakaokuja Mtwara kusikiliza rufani za Masasi na Newala huwa wamepata viti vyao kwa Rais aliyeshauriana na mtu mmoja.